Babu Alikuwa na Ndege

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kule Mariakani, kwenye mkutano wetu wa jamaa za waliokuwa vitani. Wengi mlinipigia mkasema mvua imewafungia, wengine matatu ziligoma, haya basi, naiweka yote kama nilivyoisema, pamoja na utani wake.

*

Assalam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, akina mama hamjambo, na nyinyi vijana mlioko huko nyuma na simu nawaona, hamjambo pia.

Nianze na swali. Ni nani hapa ana babu au baba aliyekwenda vita vya pili? Inueni mikono. Eh, mingi. Haya, msishushe. Sasa abaki ameinua yule tu ambaye ana karatasi ya huyo babu, karatasi yoyote, iwe barua, cheti, chochote kilichoandikwa. Mwaona? Mikono imeshuka kama bendera saa kumi na mbili jioni.

Mimi pia wangu ungeshuka. Miaka yote nilikuwa na maneno matupu, na maneno yenyewe matamu. Kwetu tulilelewa tukiambiwa babu mzaa mama alikuwa eafosi, eafosi ya Mwingereza, jeshi lao la anga liitwalo RAF, kwamba aliendesha ndege ya vita na akazamisha nyambizi ya Mjerumani. Nilipokuwa darasa la tano nikasimama mbele ya darasa nikalisimulia hilo kifua mbele, mwalimu akaniuliza ndege yenyewe ilikuwa aina gani, nikamjibu Boeing. Darasa zima likacheka na mimi sikujua wanacheka nini.

Nilipostaafu nikasema sasa muda ninao, wacha nimtafute huyu rubani wetu. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nawaomba msilifanye: nilianza na jina.

Niliandika Uingereza. Nikaweka jina la babu na la baba yake, na mwaka wa kuzaliwa nikapiga hesabu, manake bibi alikuwa akisema babu alizaliwa siku za Mekatilili, na Mekatilili na Wagiriama walipambana na Mwingereza 1913 na 1914, basi nikaandika 1914. Nikangoja. Siku ya siku jibu likaja, la adabu sana, lakini ndani yake hamna kitu. Hakuna mwanajeshi wa anga wa jina hilo.

Niliwaza mengi, wajua. Nikawaza wamemficha, wamechoma faili, hawataki ijulikane kwamba Mduruma aliwarushia ndege. Usiku mzima nawalaumu watu ambao hata hawanijui.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyo. Jeshi halikumjua mtu kwa jina. Jeshi lilimjua mtu kwa namba. Ukiingia RAF wanakupa namba, na namba zilitolewa kwa mafungu kulingana na mahali ulipoandikishwa na wakati gani, kwa hivyo anayezijua akiitazama tu ya mtu aweza kukwambia huyu aliingilia wapi. Jina linaandikwa hivi leo na vile kesho, lakini namba ni ile ile kwenye mshahara na kwenye jiwe la kaburi. Jina liulize mwisho. Namba kwanza, kikosi pili, jina mwisho.

Na faili zenyewe ziko wapi? Zamani zote zilikuwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, lakini tangu 2022 wanazihamishia Hifadhi ya Taifa yao, iko mahali paitwapo Kew, huko London, na ni faili karibu milioni 10. Kuna sheria hapo mnapaswa kuijua kabla hamjakasirika bure: faili ya mtu inafunguliwa kwa kila mtu ikipita miaka 115 tangu azaliwe. Kabla ya hapo wanataka uthibitisho kwamba amekufa. Babu yangu tulimzika 1979 chini ya mwembe wake mwenyewe, sasa nani siku zile alikwenda kukata cheti cha kifo? Kama mzee wenu alizikwa hivyo hivyo, anzeni kuuliza mapema kwa chifu na kwa msajili, manake huko ndiko safari inakokwama.

Nilipokuwa nalieleza hili siku moja, kijana mmoja akaniuliza, mzee, kwani watu weusi walirusha ndege za Mwingereza kweli, ama ni hadithi za wazee? Swali zuri. Kabla ya vita walikuwa na kanuni kabisa, asiyekuwa wa asili ya Ulaya haingii. Oktoba 1939 vita vilipokolea wakailegeza. Wakaja watu kutoka Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi, wengi zaidi wakafanya kazi za ardhini za mafundi na makarani, na mia kadhaa wakaruka.

Mmoja wao ni Ulric Cross wa Trinidad, na huyu namtaja kwa sababu alikuja kuwa wetu kidogo. Alikuwa navigeta, yaani mwenye kusoma ramani na kupiga hesabu za njia, kikosi namba 139, ndege za Mosquito. Alikwenda Ujerumani na nchi ilizoziteka mara 80. Themanini! Akapewa nishani ya DFC 1944 na nishani ya DSO 1945. Vita vikaisha, akawa mwanasheria, na miaka ya mwisho ya sitini akaja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania pale Dar es Salaam. Kuna watu walisimama kizimbani mbele yake bila kujua yule mzee wa miwani amefanya nini usiku juu ya Berlin. Afisa kama huyo ukimtafuta hupati shida, manake nishani za maofisa na vyeo vyao vilichapishwa kwenye gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, na leo lasomeka bure kwa simu. Ukiwa na jina na cheo, umemaliza nusu ya kazi kabla chai haijapoa.

Lakini babu yangu mimi hakuwa kwenye Gazette. Hakuwa kwenye Gazette, hakuwa kwenye faili za Kew, hakuwa popote. Alikuwa wapi?

Alikuwa chini ya kitanda cha Mama Mkubwa.

Nacheka lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilizunguka dunia nzima kwa barua, na dada mkubwa wa mama yangu yuko Mazeras, kilomita kidogo tu kutoka hapa. Nilikwenda kwa mambo mengine kabisa, ya mahari, katika mazungumzo nikalalamika juu ya jibu la Waingereza, akaniambia si uangalie kwenye sanduku la mama. Sanduku lenyewe la bati, kufuli imeota kutu, tukaivunja kwa jembe. Ndani mna leso za bibi, hirizi, risiti za kodi ya kichwa, picha moja, na kibati.

Vijana hamkijui kibati. Wazee mnakijua, na nikiwatazama usoni naona hamkipendi. Kipande! Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimishwa kukibeba tangu kule 1919, 1920, kimetiwa kwenye kibati kikafungwa kamba ukakivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Harry Thuku alikipinga, watu wakapigwa risasi Nairobi 1922. Ukikamatwa bila kipande ni faini au jela. Hicho hicho. Nikakifungua kwa ncha ya kisu, na ndani karatasi imekunjwa mara nne, imeiva rangi ya chai, alama za vidole vyake bado nyeusi, nikaweka kidole changu juu ya chake, na safu za waajiri zimejazwa kwa kalamu ya wino: nani alimwajiri, lini aliingia, lini alitoka.

Na kwenye mstari wa nne kumeandikwa RAF Kipevu. Kuingia, Machi 1943. Kutoka, Septemba 1943. Kazi: boi wa boti.

Boi. Mtu wa miaka 29, ana mke na watoto wawili. Lakini nawaambieni ukweli, siku ile sikukasirika, nilikibusu kile kipande. Kitu kilichotengenezwa ili kumfunga ndicho kilichomtunza. Kwa hivyo mkitoka hapa, kabla ya kuandika barua popote, fungueni masanduku. Tazameni nyuma ya picha. Tazameni vibati, risiti za kodi, kadi za posta, vifungo vya nguo, manake hata kifungo kina alama ya jeshi gani. Na mkiwauliza wazee msiwawekee maneno mdomoni, msiwaulize babu alirusha ndege gani, waulizeni tu babu alikuwa akifanya nini, halafu mnyamaze.

Haya. Sasa nina mahali na nina miezi. Mahali na miezi ni ufunguo mkubwa kuliko jina, manake kila kikosi cha RAF kiliandika shajara. Kila siku ya Mungu. Kuna fomu mbili, ya 540 ni habari za kikosi kwa jumla, nani kahamia, wakubwa gani wametembelea, mvua imenyesha, na ya 541 ni ya kazi za angani, ndege gani, nani alikuwamo, imepaa saa ngapi, imetua saa ngapi, imeona nini. Za vikosi ziko Kew kwenye fungu waliloliita AIR 27, na za vituo vyenyewe AIR 28. Hizo hazina mambo ya miaka 115, ziko wazi.

Nina mpwa wangu yuko Leicester, muuguzi, siku yake ya ofu akapanda treni. Akaniambia mjomba, hawa watu kalamu hawataki, ni penseli tu, koti unaliacha nje, lakini kupiga picha kwa simu yako ruhusa na hawakutozi hata senti. Usiku huo simu yangu haikulala. Picha 140 kwenye WhatsApp! Mke wangu akadhani nimefiwa.

Nikakaa nazo wiki tatu na miwani mbili. Na hapa acheni niwapeleke Kipevu, pale Mombasa, kidogo, manake watoto wetu wakisikia Kipevu wajua bandari na mafuta tu. 1942 Mjapani alipiga Colombo, meli za kivita za Mwingereza zikakimbilia Kilindini, Mombasa ikafurika, mpaka shule ya Allidina Visram ikachukuliwa wakae wataalamu wa kufumbua simu za siri za Wajapani. Na Kipevu pakawekwa ndege za majini, Catalina, zile tumbo lake ni mashua. Ndege hiyo inaweza kukaa angani zaidi ya masaa 15 ikitafuta nyambizi na kulinda misafara ya meli. Vikosi vilikuwa zaidi ya kimoja pale siku za babu, vikiwamo 209 na 259, sasa ni kipi chake? Nikaweka kipande hapa na shajara hapa. Kikosi 259 kiliundwa upya Kipevu Februari 1943, na Septemba 1943 kikahamia Dar es Salaam. Babu kaingia Machi, katoka Septemba. Nikapiga meza, mke wangu akaja mbio tena.

Na nyambizi je? Ilikuwapo! Tarehe 20 Agosti 1943 kusini mwa Madagaska nyambizi ya Kijerumani U-197 ilizamishwa na Catalina mbili, moja ya kikosi 265 na moja ya 259. Watu 67 ndani, hakutoka hata mmoja. Ndege yenyewe haikutokea Kipevu siku hiyo, zilikuwa zikigawanywa huku na huku mpaka kusini, lakini habari ilifika Kipevu bila shaka, na ikafika Mazeras, na ikafika darasa la tano kupitia kwangu mimi.

Basi nikatafuta jina la babu kwenye zile picha 140. Majina yako mengi, kila safari watu wanane, tisa, na vyeo vyao. Rubani yuko, mpiga simu yuko, mpiga bunduki yuko. Hata mbwa wa mkubwa angekuwapo nisingeshangaa. Babu hayuko. Hakuna hata mmoja wa vibarua wetu kwenye kurasa nilizosoma. Kibarua aliajiriwa kama raia, hakula kiapo, hakupewa namba, na asiye na namba hana faili. Jibu lile la Uingereza lilikuwa la kweli. Nilikuwa nikimtafuta mlango ambao hakupitia.

Lakini nikajifunza kuisoma shajara kwa upande wa pili. Ikiandikwa kwamba ndege imetua saa tisa usiku, mimi najiuliza, nani alikuwa kwenye maji saa tisa usiku? Manake ile Catalina ya wakati huo haina magurudumu yake. Ikitua inafungwa kwenye boya, na mtu wa boti ndiye anayekwenda gizani kushika kamba huku panga za injini zinazunguka. Mafuta yanapelekwa kwa mashua, mabomu yanapelekwa kwa mashua. Na ikitakiwa itoke nchi kavu, watu wanaingia majini mpaka shingoni, wanayaelesha yale magurudumu makubwa ya kufungwa hadi ubavuni, wanayafunga kwa pini chini ya maji kwa kupapasa tu, halafu ndege inavutwa mkia mbele mpaka juu na watu wameshika kamba pande zote isiyumbe. Mama Mkubwa alipolisikia hilo alinyamaza, kisha akavuta leso yake akaonyesha kwenye muundi wake mwenyewe, hapa, akasema baba alikuwa na kovu hapa, refu kama kiganja, na alikuwa akituambia limeng'atwa na gurudumu la ndege, na sisi tukimcheka, gurudumu la ndege ndani ya maji?

Niliogopa kumwambia, msinione hivi. Mtu wa miaka 80 na zaidi utamwambiaje kwamba baba yako hakuwa rubani? Nikazunguka zunguka, nikamaliza. Akanitazama. Akasema, "Nani alisema alikuwa rubani? Sisi tulisema alikuwa na ndege. Nyinyi wa shule ndio mliomrusha."

Alikuwa na ndege! Ni kweli kabisa. Nimeirudia ile sentensi nikirudi kwenye matatu peke yangu kama mwehu.

Niseme mawili matatu haraka haraka naona chai inafika.

Kama mzee wenu alikuwa KAR, yaani King's African Rifles, askari wa nchi kavu, huko ni njia nyingine, msimtafute kwenye faili za RAF, na Burma na ndege za kudondosha chakula tutazungumza siku nyingine.

Kama ndugu zenu wako Marekani na wanatafuta wa huko, wawe na moyo mgumu. Julai 1973 ghala la faili za jeshi kule St. Louis liliungua, faili kati ya milioni 16 na 18 zikaenda. Za jeshi la nchi kavu, waliotoka 1912 mpaka 1960, 80 kwa 100. Na vita vya pili jeshi la anga la Marekani lilikuwa bado ni sehemu ya jeshi la nchi kavu, halikujitenga mpaka 1947, kwa hivyo wanaanga wengi wamo humo. Hata za wanaanga waliotoka baada ya kujitenga huko zimeliwa, kuanzia jina Hubbard kwenda mbele mpaka Z, 75 kwa 100. Yaani ukiitwa Adams faili yako nzima, ukiitwa Johnson yawezekana ni majivu. Moto ulifuata alfabeti! Na nakala hawakuwa nazo.

Kama mtu wenu alikufa kazini, anzeni na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, tovuti yao ni bure. Wanaanga waliopotea baharini huku kwetu bila kaburi majina yao yako kwenye ukuta wa Alamein, Misri. Lakini msiende mkidhani kila mtu ameandikwa. Tume hiyo hiyo ilitoa ripoti 2021 ikakubali yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri wa vita vya kwanza, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hivyo usipomwona wako, usimwambie mama yako kwamba hakuwapo.

Na la mwisho, yule bwana anayepita vijijini akichangisha 500, 500, ati kuna fidia ya vita inakuja kwa wajukuu, mimi alinipata. Nilimpa. Nyinyi msimpe.

Haya, picha. Ile picha iliyokuwa sandukuni nimeitoa kopi kubwa, iko pale mezani karibu na mahamri, shikeni kwa mikono iliyokauka tafadhali. Mtaona ufuo, mtaona bawa la ndege limekatwa na ukingo wa picha, na watu wawili wamelowa mpaka kifuani, wameshika kamba moja. Wa kushoto, mwenye kibati shingoni, ndiye babu. Wa kulia amekatika kidogo ndewe la sikio, anacheka, ana pengo hapa mbele. Nyuma hapakuandikwa kitu. Nimeuliza Mazeras, nimeuliza Miritini, nimeuliza Jomvu, hakuna anayemjua. Pitieni mmtazame vizuri kabla hamjaondoka.